Shingo Niliyoivuta Mimi

Scholastika alikuwa akibeba tenga la kabichi kichwani kama mtu aliyevaa kofia. Kutoka shambani kwake hadi barabara ya Nyandira, mahali malori ya Fuso yanapopakia mboga za Mgeta, ni mteremko wa saa moja na robo, na siku za ukungu kijia chenyewe kinateleza kama sabuni. Wanawake wengine hushika tenga kwa mkono mmoja. Yeye mikono yote miwili ilikuwa na kazi zake, mara anamenya njegere, mara anamwandikia mtu ujumbe kwenye simu. Siku moja nilimwekea kikombe cha chai juu ya kabichi bila yeye kujua, akashuka nacho mpaka barabarani. Chai ilipungua kidogo tu, na hicho kidogo nadhani nilikinywa mimi kabla hajaondoka.

Mimi ni mjomba wake, Stephano, kaka yake Winfrida, na Winfrida ndiye mama yake. Kwa msiotujua, sisi Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Baba anaweza kuwa mtu mwema kabisa na akapewa kiti kizuri, lakini likija jambo la kuamua anatafutwa mjomba. Mtoto anaumwa, aitwe mjomba. Anaolewa, mjomba amesemaje? Cheo hicho sikukiomba, nilizaliwa nacho, na nakiri kwamba kinanikaa vizuri.

Juu ya cheo nilikuwa na ufundi. Darasa la saba sikulimaliza, ingawa la sita nililimaliza mara mbili, lakini kunyoosha shingo hakuna mwalimu aliyenifundisha. Unakaa kwenye kigoda umenipa mgongo. Nakupaka mafuta ya nyonyo ya moto, napitisha taulo chini ya kidevu, naweka magoti yangu mabegani kwako, halafu navuta kwenda juu mpaka shingo iseme. Ikishasema unainuka, unageuka kushoto na kulia, unaniletea kuku. Shingo thelathini na tatu zilipita mikononi mwangu, mojawapo ya katekista, ambaye Jumapili iliyofuata aliweza kuwaona hata wanaosinzia viti vya pembeni.

Ya thelathini na nne ilikuwa ya Scholastika.

Ilianza kumuuma wakati wa kupanda viazi. Mwanzo hakusema. Niligundua nilipomwona anashuka na mzigo mgongoni, ameufunga kwa kanga, na ile ngata yake ya kitambaa cha bluu, ya kukalishia tenga kichwani, imening'inia mkononi haina kazi. Nikamtania kwamba amezeeka kabla yangu. Akacheka, lakini alicheka akitazama mbele tu, hakugeuka. Winfrida akaniambia kwamba binti yake anatoka jasho usiku mpaka shuka linakamuliwa, na kwamba gauni la kanisani sasa linampwaya kama amevaa la mtu mwingine. Mjomba, umesemaje?

Nikasema. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na hiyo ndiyo sauti pekee niliyo nayo. Nikaeleza kwamba shingo ya mwanamke wa mlimani ni kama jembe, ikikaa bure inashika kutu. Jasho nikasema ni uchovu unatoka. Kukonda nikasema ni mawazo. Dawa nikaitoa hapohapo: arudishe tenga kichwani, nusu kwanza halafu lijae, nami nitamnyoosha mara moja kwa wiki.

Alitii. Alikuwa na miaka thelathini na nane, mama wa watoto watatu, mwenye shamba lake, na alitii kwa sababu mimi ni mjomba.

Mara ya kwanza shingo haikusema kitu. Mara ya pili alisema yeye, kwamba anahisi kama siafu wanatembea kwenye vidole. Nikamwambia hiyo ni damu inarudi. Mara ya tatu nikavuta kwa nguvu, nikitaka isikie. Ikasema, lakini si kama shingo zinavyosema. Ilikuwa sauti ya mtu anayekanyaga maganda makavu ya karanga. Scholastika hakulia. Alikaa palepale kwenye kigoda, akatazama mkono wake wa kulia uliolala pajani.

"Mjomba," akasema, "mkono umeenda."

Tukamshusha mlima kwa machela ya matete, watu wanne wakipokezana, kisha gari la mboga hadi Morogoro mjini. Hospitali sitaitaja jina, haikukosa chochote. Waliokosa tulikuwa wawili, mimi na yeye, na yeye alikosa kwa ajili yangu.

Ilikuwa hivi. Daktari wa mapokezi akauliza imekuwaje. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda na kofia yangu mkononi, nimefungua mdomo, sijui hata ulikuwa unataka kutoka ukweli au uongo. Scholastika akaniwahi. Akasema ameanguka na tenga la kabichi, shingo ikapinda. Akayasema bila kunitazama, maana shingo ilikuwa imegoma, na mimi nikafunga mdomo.

Kwetu mtu hamwaibishi mjomba wake mbele ya wageni. Hata angekuwa amekukalia, utasema ulijikwaa ukaingia chini yake. Sikumwomba aseme vile, wala sikumkanusha.

Basi wakamtibu aliyeanguka. Wakampiga eksirei, wakaona mfupa mmoja wa shingo umebonyea, wakamfunga ule mkanda mgumu ambao manesi wanauita kola, wakamlaza chali na kumwambia asiinuke, asigeuke, asijaribu hata kukaa, mfupa utaunga. Mwenye kuvunjika husubiri. Kipimo kikubwa kilikuwa na foleni, na aliyeanguka na kabichi hakuwa mbele kwenye foleni hiyo.

Hapo ndipo nilipojua kifungo kinafananaje. Kola ilimshika kuanzia kifuani hadi chini ya masikio. Alichoweza kukiona ni dari peke yake, ubao mweupe wenye madoa manne ya mvua za zamani. Nzi akitua puani mwake anasubiri nimfukuze. Uji anaunywa kwa mrija. Dirisha lilikuwa mita mbili kutoka kitandani, na kwenye dirisha hilo Uluguru yote imesimama, kilele cha Lupanga juu kabisa na mashamba chini yake, lakini yeye hakuweza kugeuka kuitazama. Kila asubuhi baada ya shikamoo ananiuliza ukungu umefika wapi. Namwambia umefunika kilele, au umeteremka mpaka kwenye migomba. Siku moja nikamdanganya kwamba namwona Winfrida kule juu anafukuza mbuzi kwenye karoti, na kwa ninavyomwona mbuzi ndiye anayeshinda. Akatabasamu. Tabasamu lilikuwa halijafungwa kola.

Kitu kingine tulichofanya kila asubuhi ni kidole gumba. Mkono wa kulia ulishalala, umebaki wa kushoto. Naweka kidole gumba changu kwenye kiganja chake, naye anakibana, tupime. Siku ya kwanza alinibana kama anakamata mwizi. Siku ya nne kama mtu anayekusalimia njiani akiwa na haraka. Kila mara najikunja na kulalamika kwamba ameniumiza, atanilipa nini. Siku ya tisa vidole vyake vilikuja juu ya kidole changu, vikatulia tu, kama jani lililoanguka.

"Umenivunja," nikasema.

"Sijakubana bado, Mjomba," akasema.

Siku hiyohiyo akaniambia miguu nayo imekuwa mizito, kama mtu ameikalia. Na joto la mwili lilipanda kila jioni. Manesi wakaliandika.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Mara mbili nilikwenda hadi mlangoni kwa daktari, na mara mbili nesi Mwanahawa akanikuta hapo akaniuliza, baba, unatafuta nini, nami nikasema natafuta choo. Mara ya tatu hakuniuliza tena, alininyooshea kidole tu upande wa choo. Mtu aliyezoea kusifiwa hajui kuanza sentensi ya namna ile. Na nikisema, nitakuwa nimemfanya Scholastika mwongo mbele ya watu waliokuwa wanamwosha na kumgeuza kama gogo kila baada ya saa mbili. Hivyo nilivyojiambia, na sababu hiyo niliipenda sana.

Kisha umaarufu wangu ukanifuata wodini. Raphael, mzee wa kule kwetu aliyekuwa akimwuguza mkewe kitanda cha pili, alilala vibaya kwenye benchi akaamka shingo imekakamaa. Akaja amefurahi kabisa, kwamba bahati iliyoje kumbe fundi yuko hapahapa, na taulo amelileta mwenyewe. Alisimama kati yangu na Scholastika, ameshika lile taulo. Scholastika alikuwa anatazama madoa yake juu, lakini masikio hayakuwa na kola. Nikamwambia Raphael mikono yangu iko likizo. Akacheka, akasema fundi naye ana likizo? Akaendelea kusimama. Nikatoka nje, nikakaa karibu na mabomba ya kufulia mpaka jua lilipopanda.

Siku ya kumi na mbili akaja daktari bingwa wa mifupa ya mgongo kutoka Dar es Salaam, aliyekuja kuona wagonjwa kwa siku chache. Daktari Mansuri. Mwembamba, mpole, angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Akaisimamisha eksirei dhidi ya mwanga wa dirisha, yaani akaiweka juu ya Lupanga, akaitazama kwa muda. Akamgonga Scholastika magoti kwa nyundo ndogo ya mpira. Akamwambia abane vidole vyake. Akasubiri abanwe.

"Dada, kabla hujaanguka, shingo ilikuwa inauma?"

"Hapana, daktari."

"Joto? Jasho? Kukonda?"

"Hapana."

Daktari akaisogeza eksirei karibu zaidi na kioo. Akasema, kama anajisemea, kwamba mfupa uliovunjika kwa kuanguka unavunjika, ila huu ni kama umeliwa. Halafu akanigeukia mimi, akaniuliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikasema mjomba. Akanieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kama ni kuanguka, kola na kulala vitatosha, tusubiri. Lakini kama ugonjwa ulitangulia, basi ndani kuna usaha unaobana uti wa mgongo, na kumlaza hapa ni kumsubiri apooze mikono na miguu, asiipate tena. Alitaka kujua jambo moja, kipi kilitangulia.

Raphael alikuwa anatusikiliza. Mwanahawa alikuwa ameshika faili. Kidole gumba changu kilikuwa bado kwenye kiganja cha Scholastika, na sikuwa nahisi kitu.

"Hakuanguka," nikasema. "Niliivuta mimi."

"Mjomba, nyamaza," Scholastika akasema. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kuniambia neno hilo.

Sikunyamaza. Nikaanzia wakati wa kupanda viazi nikaja nalo lote: jasho, gauni la kanisani, tenga nililomrudishia kichwani, siafu wa vidoleni, kigoda, taulo, ile sauti ya maganda ya karanga. Kila nilipofika mahali nikadhani nimemaliza, daktari alisubiri, na kulikuwa na kingine. Akauliza nimemvuta mara ngapi. Mara tatu. Akauliza watu wangapi wengine. Nikasema thelathini na watatu, na aibu yangu ni kwamba hata wakati ule nilitaja idadi hiyo kwa majivuno kidogo.

Akaandika. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Wa thelathini na nne awe wa mwisho, mzee wangu."

Raphael akalikunja taulo lake.

Kesho yake tulikuwa kwenye gari la wagonjwa, kwenda Dar. Scholastika amefungwa mikanda mitatu, anatazama paa la gari. Nikawa namsimulia barabara. Hapa Mikese, nikamwambia, wanauza machungwa, na yupo mama mmoja ananipungia mkono, wanawake wa Mikese wananijua. Akasema, "Mjomba, leo sema kweli tu." Nikamwambia kweli, hakuna anayenipungia.

Dar wakampitisha kwenye MRI, ile mashine ya bomba. Yeye ambaye alishafungwa kola na mikanda, sasa wakamwingiza kwenye bomba linalogonga kama karakana ya mabati. Alipotoka aliniambia alikuwa anahesabu hatua za kushuka kutoka shambani hadi barabarani, na alipofika kwenye daraja la miti ndipo mashine iliponyamaza.

Ilikuwa kifua kikuu. Nikabisha, bila shaka. Nikamwambia Daktari Mansuri huyu hajakohoa hata siku moja. Akasema wadudu wale wale wanaweza kukaa kwenye mifupa, na kwake walichagua shingo. Mifupa miwili ilikuwa kama muhogo mkavu ulioingiwa na dumuzi, nje mzima, ndani unga. Usaha umejikusanya nyuma yake na kuubana uti. Mimi nilikuwa nauvuta muhogo huo kwa taulo.

Wangempasua. Na wangepita mbele, kooni. Daktari akaonyesha kwenye shingo yake mwenyewe: mkato mfupi pembeni, wanasogeza koromeo upande, wanakwangua usaha na mifupa iliyooza, wanachukua kipande cha mfupa mzima kutoka nyongani kwake na kukipachika pale, wanafunga bamba dogo la chuma kwa skrubu nne. Dawa za kifua kikuu atazimeza mwaka mzima. Akasema pia kwamba mikono inaweza isirudi, na kwamba upasuaji wenyewe una hatari yake.

Nikampigia Winfrida. Aliposikia kooni, nadhani aliona kuku anayechinjwa. Kisha akasema lile nililolijua, kwamba yeye hana neno, ukoo hauna neno, mjomba ndiye wa kusema. Nikashika simu pale koridoni. Maisha yangu yote nilikuwa nasubiri watu waniambie hivyo, na siku hiyo lilinikaba kama ile kola.

Nikaingia, nikainama juu ya uso wa Scholastika ili anione, maana asingeweza kuniona nikiwa nimekaa.

"Mimi nimeshasema vya kutosha juu ya shingo hii," nikamwambia. "Sema wewe."

Akanitazama. Nadhani alikuwa anasubiri mzaha ufuate. Haukuja.

"Nataka mikono, Mjomba," akasema. "Wapite wanapotaka."

Kalamu haikushikika. Mwuguzi akampaka wino kwenye kidole gumba, akakibonyeza kwenye karatasi. Na mimi nikaandika jina langu chini kama shahidi, kwa mwandiko wa darasa la sita.

Kwa saa tano walikuwa naye ndani. Sina la kusimulia kuhusu saa hizo, nilikaa juu ya mikono yangu. Kweli, niliikalia.

Alitoka na sauti ya kukwaruza kama redio yenye betri mbovu, na kumeza mate kulikuwa kazi. Asubuhi ya pili nikampa kidole gumba. Hakuna kitu. Ya tatu, hakuna kitu. Ya sita, kidole cha shahada cha kushoto kikasogea, kikagusa ukucha wangu, kikatoka. Nikataka kupiga kelele wodi nzima isikie, lakini nilikuwa nimeshapunguza maneno. Nikamwambia tu, "Umenivunja." Akacheka kwa ile sauti mbovu, akaambiwa na nesi asicheke, mshono.

Kola aliivaa miezi mitatu. Vidonge vilimgeuza mkojo rangi ya juisi ya pasheni, na hakukosa hata siku moja, Winfrida alisimama naye kila asubuhi na kikombe cha maji. Alijifunza kutembea kwa kushika ukuta, kisha fimbo, kisha bega la mama yake. Mkono wa kushoto ulirudi wote. Wa kulia umerudi nusu, vidole viwili vya mwisho bado ni wavivu. Alipokwenda kliniki Daktari Mansuri akamwambia amemaliza kifungo, isipokuwa kitu kimoja: mzigo kichwani, kamwe, hata ndoo ya maji. Niliuona uso wake. Kumwambia hivyo mwanamke wa Mgeta ni kumfungulia mlango wa chumba na kufunga wa nyumba. Shamba liko juu, barabara iko chini, na kati yake hakuna gurudumu linalopita.

Kwa hiyo sasa anayebeba ni mimi. Wanaume wa kwetu hubeba begani, lakini mimi bega langu lina ugomvi wake wa zamani, basi navaa ile ngata ya bluu na kuweka tenga kichwani, mikono yote miwili juu, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Wanawake wanashangilia. Raphael akinipita anauliza kama fundi amerudi kazini. Scholastika anatembea mbele yangu, anamenya njegere kwa vidole nane.

Wiki iliyopita, chini kidogo ya daraja la miti, niliteleza. Kabichi zikatawanyika mpaka mtoni, nami nikakaa kwenye matope, shingo imepinda, inauma kwelikweli. Scholastika akarudi, akasimama juu yangu, akavua kanga yake ya begani, akaikunja pole pole kwa urefu, kama taulo.

"Pole, Mjomba," akasema. "Lete shingo nikunyooshe."

Nikamwambia sitaki, inaendelea vizuri. Akacheka mpaka akashika mti. Halafu akaninyooshea ule mkono wa kulia, akakibana kidole gumba changu, na mimi nikajiinua kwa miguu yangu mwenyewe asije akavuta. Kidole kiliniuma mpaka tulipofika barabarani. Sikumwambia.